Straika mpya katupia tano mechi nne: moto kweli au upepo tu?

Haya wadau, kila dirisha la usajili likifunguliwa vijiwe vya hapa Majengo havilali. Straika mpya kacheza mechi nne, katupia tano, basi tayari keshapewa kiatu cha dhahabu, na vijana wanambebesha mkeka wa wiki nzima. Kabla hujaweka buku yako, mpime hivi:

1. KACHEZA MECHI NGAPI? Mechi nne bado. Meddie Kagere alitua Simba 2018 akitokea Gor Mahia, akafunga 23 katika ligi msimu wa 2018/19, akarudia na 22 msimu wa 2019/20. Fiston Mayele akiwa Yanga alifunga 16 msimu wa 2021/22, kisha 17 uliofuata. Hapo huna ubishi.

2. KAPIGA MASHUTI MANGAPI? Kwa kawaida, karibu shuti moja kati ya kumi ndilo linalozaa goli. Mwenye magoli matano kwa mashuti saba atapoa tu. Mwenye goli moja kwa mashuti ishirini, tena ndani ya boksi, usimtukane, yake yanakuja.

3. PENALTI NGAPI? Penalti nyingi huingia, takribani tatu kati ya nne. Zitoe kwanza kwenye hesabu. Siku kocha akimpa mwingine mpira, utabaki na nini?

4. NANI ANAMLISHA? Hapa ndipo wengi tunapoingia mkenge. Mbwana Samatta alifunga 23 katika ligi ya Ubelgiji msimu wa 2018/19, Genk wakabeba ubingwa. Januari 2020 akaenda Aston Villa, timu iliyokuwa inapigania isishuke daraja. Mechi 14 za ligi, goli 1. Miguu ni ileile, ila kule alicheza na timu iliyoshinda mara nyingi, huku timu inayojihami. Watu wakasema kaisha. Jamani!

Kwa hiyo siku ukienda Ushirika, beba kalamu na karatasi. Andika mashuti yake, yamepigwa wapi, na pasi katoa nani. Fanya hivyo mechi kumi, halafu ndiyo uje kijiweni kubishana. Na hata dogo wa timu ya mtaa aliyekauka mechi tatu, mwangalie kwanza kama anafika kwenye nafasi. Kama anafika, msimtose.

Wadau mnasemaje? Straika gani aliwahi kuwachania mkeka?