Samaki wa Grogan

Tata yangu, yaani shangazi, amefunga nzi kwa zaidi ya miaka ishirini na hajawahi kuvua samaki hata mmoja.

Nzi hawa ni wa bandia. Sisi nyumbani tunawaita flai. Ndoana ndogo inabanwa kwenye chuma kilichofungwa mezani, uzi unazungushwa, unyoya wa jogoo unaviringishwa mpaka usimame kama mabawa, halafu fundo na tone la vanishi. Samaki akitazama kutoka chini anaona mdudu ameanguka majini. Tata hulipwa kwa dazani. Nilipoacha chuo mwaka wa pili sababu ya karo nikarudi Nyeri, yeye ndiye alinipa kiti kando ya meza yake. Nikaanza kujiuliza: hii kazi ilifikaje huku, kwa watu ambao wazee wao walimweka samaki kundi moja na nyoka?

Jibu linaanzia Gura, mto baridi unaoteremka kwa kasi kutoka Nyandarua na kupita pande za Othaya. Mwaka 1905, mlowezi Mwingereza Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki hao wakapandikizwa Gura. Trauti wa aina ya rainbow walifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Mizigo ya wazungu siku hizo ilipanda milima hii kwa migongo na vichwa vya wapagazi, lakini hadithi ya trauti inasimuliwa kwa jina moja tu, la Grogan.

Jina hilo linatokea pia mahali pengine. Machi 1907, Grogan huyohuyo aliwachapa viboko Wakikuyu watatu, wavuta rikisho, hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Ukisoma habari hizi mbili pamoja unaelewa mto ulikuwa unaandaliwa kwa ajili ya nani. Walowezi walikuwa wakijijengea kwao kwa pili, na kwao bila trauti hakukamiliki. Samaki huyo hakuletwa awe chakula cha wenyeji. Aliletwa awe mchezo, na mchezo ukapewa leseni na masharti yake: huvui na nyungunyungu, unavua na flai.

Mchezo huo ulifika hadi kwa wafalme. Nyumba ya Sagana Lodge, karibu na Kiganjo, ilijengwa kando ya mto wenye trauti na Elizabeth akapewa kama zawadi ya harusi. Ni hapo, Februari 6, 1952, alipoambiwa kwamba babake amefariki na yeye sasa ni malkia. Oktoba mwaka huohuo hali ya hatari ikatangazwa. Misitu ambamo mito hii inaanzia ikawa makao ya Mau Mau, na maji yaleyale ya mchezo yakawa maji ya kunywa ya watu waliokuwa wakiwindwa.

Walowezi wengi waliondoka. Trauti wakabaki, na kufunga flai kukabaki. Leo flai zinazofungwa Kenya zinauzwa Ulaya na Marekani, na nyingi haziendi hata kwa trauti. Oda ya mwisho niliyosaidia ilikuwa ya bluegill, samaki mdogo bapa wa maziwa na mabwawa ya Marekani, ambaye hata mtoto anaweza kumvua nyuma ya nyumba. Mdomo wake ni mdogo, kwa hiyo ndoana nayo lazima iwe ndogo. Tulifunga vidude vya sponji ngumu vyenye miguu ya mpira, vya kuelea na kutikisika juu ya maji. Gura hakuna bluegill. Tata anajua ukubwa wa mdomo wa samaki ambaye hajawahi kumwona.

Kuna flai maarufu inaitwa Adams. Len Halladay wa Michigan aliifunga mwaka 1922 na kuipa jina la rafiki yake mvuvi, Charles Adams. Yaani miaka mia na zaidi baadaye tunamjua aliyefunga na tunamjua aliyevua. Tata amefunga Adams nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na kwenye pakiti hakuna jina lake. Hata mji haupo.

Simdai mtu sanamu. Ila kila nikisikia historia ya trauti wa Kenya ikianza na Grogan na kuishia kwa watalii, naona meza imeachwa nje, na kwenye meza ndiko mchezo huu umeishi muda mrefu kuliko walowezi wenyewe.

Juzi nilimwambia Tata nitakata leseni twende Gura Jumamosi, arushe flai yake mwenyewe aone kama inadanganya samaki. Hakuinua macho.

"Inadanganya," alisema. "Wangekuwa wameacha kununua."

Kisha akanisogezea ndoana nyingine.