Kutoka Ngwatio hadi Harambee: Historia ya Kazi za Pamoja Nchini Kenya

Harambee, yaani utaratibu wa watu kuchanga fedha, vifaa na nguvu zao ili kutekeleza jambo la manufaa kwa wote, ndiyo desturi iliyowaingiza Wakenya wengi zaidi katika uendeshaji wa mambo ya vijiji na mitaa yao. Ingawa hunasibishwa zaidi na Jomo Kenyatta, aliyeifanya kuwa wito wa taifa siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni 1963, mizizi yake ni ya kale kuliko dola la Kenya lenyewe, na nguvu yake ilipanda na kushuka kulingana na jambo moja: ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuamua kazi ipi ifanywe na mchango utumiweje.

Kabla ya ukoloni, jamii nyingi za nchi hiyo zilikuwa na vikundi vya ujima, ambavyo Wakikuyu waliviita ngwatio, Wakamba mwethya na Waluo saga. Kanuni zake zilifanana kwa kiasi kikubwa: majirani walilima, walipalilia au walijenga kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule, huku mwenye shamba akiwaandalia chakula na kinywaji, na aliyezoea kukwepa zamu za wenzake alijikuta peke yake zamu yake ilipofika. Kazi hiyo haikuhitaji daftari wala msimamizi kutoka nje, kwa kuwa walioifanya walijuana, na kila mmoja aliona kwa macho yake nani ametimiza wajibu wake.

Serikali ya kikoloni iliiga umbo la desturi hiyo bila kuchukua kiini chake. Kupitia machifu iliowateua yenyewe, iliwalazimisha wanavijiji kuchimba barabara na matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wameajiriwa mijini au katika mashamba ya walowezi, mzigo huo uliwaangukia hasa wanawake. Huko Murang'a, mwaka 1947, uchimbaji huo wa matuta ulipingwa waziwazi na wengi wakaacha kwenda kazini. Mkono uliozoea kulima shamba la jirani kwa hiari ulikataa kulima kwa amri ya chifu, hata pale ambapo kazi yenyewe ingeweza kuufaa udongo wao.

Katika kipindi hichohicho, hata hivyo, watu haohao walionyesha walichoweza kufanya walipojiamulia. Baada ya mgogoro wa mwaka 1929 kati ya wamisionari na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana, waumini wengi walijitenga na makanisa ya misheni na kuanzisha shule zao huru, ambazo wazazi walizijenga, wakazisimamia kwa kamati na kuwalipa walimu kwa michango. Kilele cha juhudi hiyo kilikuwa chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichofunguliwa mwaka 1939 chini ya Mbiyu Koinange, na ambacho michango yake ilikusanywa pia kwa kufuata marika, yaani makundi ya watu waliotahiriwa wakati mmoja. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952, serikali ilizifunga shule hizo, ikiziona kuwa matawi ya uasi.

Machakos inatoa mfano mwingine wenye mafunzo. Mwaka 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikuwa wameandamana hadi Nairobi kupinga kupunguzwa kwa mifugo yao kwa nguvu, na kwa miaka kadhaa walizitazama kwa shaka kazi za kuhifadhi udongo. Katika miaka ya 1950, vikundi vya mwethya, ambavyo wanachama wake wengi walikuwa wanawake, vilipopata nafasi ya kuchagua viongozi wao, uchimbaji wa matuta uliongezeka sana, na miteremko iliyokuwa imetajwa katika taarifa za kikoloni kuwa jangwa la kesho ikageuka mashamba.

Kwa hiyo, wito wa mwaka 1963 uliwakuta watu waliokwisha kuizoea kazi hiyo. Wananchi walijenga shule za sekondari kwa kasi ambayo hazina ya serikali isingeimudu, mara nyingi kwa hesabu ya makusudi, kwamba wakishasimamisha madarasa, serikali itaona haya kutoleta walimu. Wanawake wa mkoa wa Kati waliunda vikundi vya mabati, ambavyo viliezeka upya nyumba za wanachama mmoja baada ya mwingine, na huko Nyeri michango, ikiwemo ya wakulima wa kahawa, ilianzisha mwaka 1972 taasisi ya ufundi ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi.

Udhaifu uliingia pale harambee ilipohamia jukwaani. Kwa kuwa mbunge alipimwa kwa fedha alizotoa hadharani, mgeni rasmi, yaani mwanasiasa aliyealikwa kuongoza uchangishaji, alichukua nafasi ya kamati ya kijiji, na kufikia miaka ya 1980 machifu walikuwa wakiwadai wananchi michango kana kwamba ni kodi, huku chanzo cha mamilioni ya wakubwa kikiwa hakiulizwi. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 iliwawekea maofisa mipaka katika uchangishaji, na mwaka huohuo ukaanzishwa mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, uliotengewa asilimia 2.5 ya mapato ya serikali. Hata hivyo, jambo hilo halikwisha, kwani mwezi Julai 2024, kufuatia maandamano ya vijana, rais alitangaza tena kuwazuia maofisa wa serikali kushiriki harambee.

Historia hii inaonyesha kwamba ushiriki wa mtu katika jamii yake haupimwi kwa kiasi anachotoa, bali kwa nafasi aliyonayo katika kuamua na katika kudai hesabu. Katiba ya mwaka 2010 imeufanya ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa misingi ya utawala, na simu ya mkononi imerahisisha uchangaji kuliko wakati wowote uliopita, lakini vyote viwili vitabaki bila nguvu iwapo wakazi hawatahudhuria mabaraza, hawatagombea nafasi katika kamati za shule na za maji, na hawatauliza fedha zao zimekwenda wapi. Anayetaka kuurudisha ujima wa kweli na aanzie hapo, katika kikao cha karibu na nyumbani kwake.