Majitaka ya Arcata na Matete Yaliyoshinda Bomba

Asubuhi, kando ya Ghuba ya Humboldt kaskazini mwa California, watu hutembea juu ya matuta ya udongo wakiwa na darubini shingoni. Wanatafuta korongo, bata na sululu. Zaidi ya aina 300 za ndege zimewahi kuonekana hapa. Maji wanamoogelea ndege hao yametoka vyooni na jikoni mwa Arcata, mji wenye wakazi wapatao 18,000.

Zamani mahali hapa palikuwa pa kukimbiwa. Viwanda vya mbao vilikuwa vimeacha madimbwi ya kulowekea magogo, na mji nao ukafanya jalala papo hapo. Majitaka yalimwagwa ghubani yakiwa ghafi hadi 1949, ulipojengwa mtambo wa kutenganisha tope na maji. Mwaka 1957 yakaongezwa mabwawa makubwa ya wazi, ya jamii ya yale ya Mabogini nje kidogo ya Moshi, Tanzania.

Kisha, mwaka 1974, jimbo la California lilipiga marufuku kumwaga majitaka kwenye ghuba, hata yakiwa yamesafishwa, isipokuwa kwa mji utakaothibitisha kwamba maji yake yanaifaa ghuba yenyewe. Ukaletwa mpango wa mtambo mmoja mkubwa kwa miji yote ya eneo hilo, na bomba la kupeleka maji baharini. Gharama yake ilikuwa makumi ya mamilioni ya dola.

Arcata ikakataa. Ujasiri huo haukuwa wa maneno matupu. Katika chuo kikuu cha hapo mjini, George Allen, profesa wa uvuvi, alikuwa tayari akilea vifaranga vya samaki aina ya samoni katika mabwawa yenye maji ya bahari yaliyochanganywa na majitaka yaliyosafishwa. Mwenzake Robert Gearheart, mhandisi wa mazingira, aliamini kwamba matete yangeweza kumalizia kazi iliyoanzwa na mabwawa. Diwani Dan Hauser aliwaunga mkono katika baraza la mji. Kuanzia 1979 walifanya majaribio kwa takriban miaka mitatu, wakipima maji yanayoingia na yanayotoka. Vipimo hivyo ndivyo vilivyowapa ushindi, kwa kuwa serikali ya jimbo isingebadili msimamo kwa kupendezwa na ndege.

Utaratibu wenyewe unastahili kuangaliwa kwa karibu. Tope likishatuama na kuondolewa, maji huingia mabwawani, ambako bakteria hula uchafu kwa kutumia oksijeni inayotolewa na mwani. Lakini mwani huo nao, ukiachwa utoke na maji, ni uchafu mwingine. Hapo ndipo matete yanapohitajika. Huukinga mwani na jua, ukafa na kuzama. Mashina yake yaliyo majini huwa makazi ya bakteria wengine wanaoendelea kula masalia. Vijidudu huuawa, na maji hupita pia katika vinamasi vitatu ambavyo leo vina majina ya Allen, Gearheart na Hauser. Kwa mji ulio kando ya ghuba wanamofugwa chaza, kila hatua ni ya lazima, maana chaza huchuja na kuhifadhi mwilini kilichomo majini.

Hifadhi ya vinamasi hivyo ilizinduliwa Julai 4, 1981, na mfumo mzima ukaanza kufanya kazi 1986. Mwaka uliofuata Arcata ilipata tuzo ya ubunifu ya Wakfu wa Ford. Leo eneo lote lina ukubwa wa ekari 307.

Sasa hatari inatoka upande wa bahari. Katika Ghuba ya Humboldt maji yanapanda kwa kasi zaidi kuliko kwingineko kwenye pwani ya California, kwa sababu ardhi yenyewe nayo inadidimia. Kati ya mabwawa ya Arcata na maji hayo kuna tuta la udongo, lile lile wanalotembelea watazamaji wa ndege.