Dalali anapobisha mlangoni: Haki za mkongwe anayeishi kwa pesa za Inua Jamii

KATIKA mitaa ya Kaloleni, Bahati, Maringo na Jericho, mashariki mwa jiji la Nairobi, pikapu inaposimama mbele ya nyumba na vijana watatu au wanne kuteremka wakiwa na karatasi mkononi, majirani hawahitaji kuelezwa. Wanajua mna mtu anayedaiwa.

Anayetetemeka zaidi ni mkongwe ambaye mapato yake ya pekee ni Sh2,000 kwa mwezi kutoka kwa mpango wa serikali wa Inua Jamii. Mpango huo ulichipuka kutokana na msaada kwa walezi wa mayatima ulioanza kwa majaribio mwaka wa 2004, kisha ukawajumuisha wazee na watu wenye ulemavu mkubwa. Mnamo 2018 milango ilifunguliwa kwa Wakenya waliotimiza umri wa miaka 70 na zaidi, mradi tu wamesajiliwa.

Kiasi hicho hakijaongezwa kwa zaidi ya miaka 10, ilhali bei ya unga na mafuta ya taa imepanda mara nyingi. Isitoshe, malipo huchelewa na kufika yakiwa ya miezi kadhaa kwa mpigo. Mwenye duka hangoji serikali, na hapo ndipo madeni mengi ya wakongwe huanzia: mkopo wa duka, mkopo wa simu, mkopo wa kikundi cha akina mama, na mwishowe mkopo wa wakopeshaji wa mitaani ambao wakazi huwaita mashailoki.

Sheria za Kenya humkinga mdaiwa maskini kuliko wengi wanavyodhani. Tatizo ni kwamba kinga hiyo humfaa tu yule anayejua kuuliza swali moja kabla ya kufungua mlango: una karatasi gani?

Karatasi kwanza

Kazi ya dalali inasimamiwa na Sheria ya Madalali ya 1996 na kanuni zake za 1997. Dalali lazima awe na leseni kutoka kwa Bodi ya Kutoa Leseni kwa Madalali. Vijana anaoandamana nao kubeba viti hawana mamlaka yoyote kivyao, na mtu anayekuja kunasa mali bila leseni ni mvunjaji wa sheria hata akiwa amevaa suti.

Anayetekeleza uamuzi wa mahakama ni sharti awe na hati iliyotolewa na mahakama hiyo. Siku ya kwanza hafai kubeba kitu. Anachotakiwa kufanya ni kuorodhesha mali, kuandika thamani ya kila kifaa, kisha kumpa mwenyewe notisi ya maandishi ya siku saba ili alipe na kuikomboa mali yake. Siku hizo zikiisha bila malipo, ndipo anapoweza kurudi na gari. Hata baada ya kuichukua, mnada hauwezi kufanyika kabla ya siku saba tangu tangazo la kwanza gazetini.

Sheria ya Mashtaka ya Madai nayo inakataza kuingia katika nyumba ya mtu ili kunasa mali baada ya jua kuchwa na kabla ya jua kuchomoza. Anayebisha saa tatu usiku akidai ametumwa na mahakama aambiwe arudi mchana.

Muhimu zaidi ni vitu ambavyo sheria hiyo, katika kifungu cha 44, inasema haviguswi. Navyo ni mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, pamoja na zana anazohitaji kwa kazi yake. Fundi wa viatu hanyang'anywi nyundo yake, wala mshonaji cherehani anayojipatia riziki. Pensheni anayolipwa mtumishi wa serikali aliyestaafu pia haiwezi kunaswa, jambo linalowahusu wengi katika mitaa hii iliyojengewa wafanyakazi.

Televisheni, viti vya sebuleni na friji ni hadithi nyingine. Hivyo huchukuliwa. Na mkongwe asidanganywe na mjukuu kwamba avifiche kwa jirani baada ya kuorodheshwa, kwani kuhamisha mali iliyokwisha kuandikwa na dalali ni kosa.

Deni la mwana katika nyumba ya mama

Hili lastahili kuzungumziwa kwa kirefu kwa sababu hutokea kila mara. Kijana amekopa, ameshtakiwa, ameshindwa kulipa. Anaishi kwa mama yake Bahati au Kayole. Dalali anafika na kuandika kila kitu kilichomo, ingawa vingi ni vya mama.

Mama huyo hadaiwi. Chini ya Amri ya 22 ya Kanuni za Mashtaka ya Madai za 2010, mwenye mali asiyekuwa mdaiwa anaweza kuwasilisha pingamizi mahakamani, akieleza kwamba mali iliyoorodheshwa ni yake. Wakazi wa Eastlands wengi hufanya hivyo katika Mahakama ya Makadara. Stakabadhi ya dukani husaidia sana, hata kama imekunjwa ndani ya Biblia kwa miaka 10. Pingamizi iwasilishwe ndani ya zile siku saba, kabla gari halijarudi, maana kuirejesha mali iliyokwisha kupigwa mnada ni kazi ngumu.

Mambo hubadilika ikiwa mama alitia saini kuwa mdhamini. Mdhamini hubeba deni kama aliyekopa. Kwa upande mwingine, mjane hawajibiki kulipa madeni ya marehemu mumewe kutoka mfukoni mwake kwa sababu tu walioana. Madeni hayo hulipwa kutokana na mali aliyoiacha mume, na ikiwa hakuacha kitu, mdai atafute kwingine.

Jela na vitisho vya simu

Kitisho kinachowatoa wazee jasho ni kile cha "utalala ndani". Kushindwa kulipa mkopo ni suala la madai, si jinai, na kazi ya polisi si kukusanya madeni. (Cheki inayokataliwa na benki kwa kukosa fedha ni jambo tofauti, hilo laweza kuwa kosa la jinai.)

Ni kweli kwamba mahakama ya Kenya ina uwezo wa kumpeleka mdaiwa katika jela ya madai. Lakini mnamo 2010, Jaji Martha Koome, wakati huo akiwa katika Mahakama Kuu, alikataa kuruhusu mdaiwa afungwe, akitaja mkataba wa kimataifa unaokataza kumfunga mtu kwa kushindwa kutimiza mapatano. Mwaka wa 2012, Jaji David Majanja aliamua kwamba kifungo hicho hakijaharamishwa kabisa, ila sharti utaratibu ufuatwe na mdaiwa apewe nafasi ya kujieleza. Kwa hivyo anayeitwa mahakamani aende, na abebe ushahidi wa mapato yake. Anayefungwa kirahisi ni yule anayekaa nyumbani akidhani karatasi itajichokea. Tena gharama ya kumlisha mfungwa wa aina hiyo hubebwa na mdai mwenyewe, jambo ambalo wadai wengi hulitafakari wanapogundua.

Mawakala wa mikopo ya simu hawana hati wala leseni ya udalali. Silaha yao ni aibu. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakiwapigia simu wachungaji, wakwe na majirani waliomo katika orodha ya nambari za mdaiwa. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za Machi 2022 zilipiga marufuku vitisho, matusi na kuwasumbua watu wengine kwa sababu ya deni lisilo lao. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa ikiendesha programu za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2.975 milioni kwa kutumia vibaya majina na nambari za watu. Anayetukanwa ahifadhi jumbe hizo, ndizo ushahidi.

Kosa kubwa zaidi

Kwa maoni ya mwandishi, hatari kubwa kwa mpokeaji wa Inua Jamii haitoki kwa dalali. Inatoka kwa shailoki anayeshika kadi ya benki, nambari ya siri au kitambulisho cha mzee kama rehani, kisha kutoa pesa kila zinapoingia na kumwachia mwenyewe Sh200 za sukari. Hakuna mahakama iliyompa ruhusa hiyo. Kumnyang'anya mtu kitambulisho chake ni kosa chini ya Sheria ya Usajili wa Watu. Mzee aliyetoa nambari yake ya siri aibadilishe leo, na kadi iliyo mikononi mwa mtu mwingine ifungwe kwa kuarifu benki. Deni litabaki, lakini litadaiwa kama madeni mengine.

Kukopa mahali pengine ili kumnyamazisha anayebisha ni kosa la pili kwa ukubwa. Palipo na kesi, mdaiwa anaweza kuomba mahakama imruhusu alipe kwa awamu, na Amri ya 21 ya kanuni zilizotajwa inampa hakimu uwezo huo. Anayepokea Sh2,000 akitoa Sh300 kila mwezi kwa uaminifu ana hoja yenye nguvu kuliko anayeahidi Sh5,000 asizokuwa nazo.

Kwa mikopo ya benki, sheria iliyoanza kutumika 2007 inaweka kikomo. Mkopo uliokwama ukiwa umebaki Sh30,000 hauwezi kuzaa riba inayozidi Sh30,000 nyingine, ukiacha gharama za kuudai. Deni la mkataba ambalo halijashtakiwa kwa miaka sita haliwezi tena kupelekwa kortini. Hata hivyo, mdaiwa akitia saini kukiri deni hilo, au akilipa sehemu yake, hesabu ya miaka huanza upya. Ndiyo maana wakala huja na karatasi na kalamu, akisema kwa upole, "Mama, weka sahihi hapa tu kwamba tulikutembelea."

Asiyejua kusoma asitie saini wala kidole gumba. Aombe aachiwe nakala, aipeleke kwa mtu anayemwamini au kwa Kituo cha Sheria, shirika ambalo limekuwa likiwasaidia maskini jijini Nairobi bila malipo tangu 1973. Malalamishi dhidi ya dalali aliyekiuka kanuni hupelekwa kwa bodi iliyompa leseni, nayo ina uwezo wa kuifuta.

Kwa wapangaji wa vyumba vya kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi, ambavyo vimesalia vichache Dandora na Korogocho, mwenye nyumba hawezi kunasa vyombo wala kumfukuza mpangaji bila idhini ya jopo la mizozo ya kodi. Kung'oa mlango au mabati ili mpangaji ahame mwenyewe nako ni kosa, hata kama kodi ya miezi mitatu haijalipwa.