Zamu ya Kusema: Historia ya Mazungumzo ya Wengi kwa Simu na Intaneti

Simu aliyoijaribu Alexander Graham Bell mjini Boston mwezi Machi 1876 ilikuwa ya watu wawili: mmoja anasema, mwenzake anasikia. Walioigeuza kuwa baraza ni wakulima wa Marekani. Hataza za Bell zilipokwisha muda wake mwaka 1893 na 1894, majirani wa vijijini walichanga fedha, wakavuta nyaya zao wenyewe, na mahali pengine wakatumia hata seng'enge ya ua wa malisho. Laini moja ilihudumia nyumba nyingi. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake, tuseme mrefu mmoja na mifupi miwili, lakini mlio ulisikika kwa wote, na aliyetaka kudukiza aliinua mkonga tu. Ulikuwapo pia mlio wa kuwaita wote pamoja, wa kutangaza moto, bei za soko au hali ya hewa. Jioni mwenye fidla aliweza kuipiga mbele ya simu yake, kijiji kizima kikaburudika. Kila mkonga ulioinuliwa, hata hivyo, ulipunguza nguvu ya umeme kwenye waya, hadi wenye mazungumzo yao wakashindwa kusikilizana. Wala hapakuwa na wa kugawa zamu.

Suala hilo la zamu ndilo uti wa mgongo wa historia yote iliyofuata. Tarehe 16 Mei 1916, Taasisi ya Wahandisi wa Umeme ya Marekani ilifanya mkutano mmoja katika miji kadhaa kwa wakati mmoja, kutoka Boston na Atlanta hadi San Francisco. Laini ya kuvuka bara ilikuwa imefunguliwa mwaka uliotangulia. Rais wa taasisi, John J. Carty, aliongoza mkutano huo kwa utaratibu wa ukumbi wa kawaida: miji iliitwa mmoja mmoja, kila mmoja ukaitika. Wahandisi hao walitambua kwamba waya peke yake haufanyi kikao. Lazima awepo wa kukiendesha.

Maandishi yalilikwepa tatizo hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1971 Murray Turoff alibuni EMISARI, mfumo wa kompyuta uliowawezesha maofisa wa serikali ya Marekani waliotawanyika kushauriana kwa kuandika, kila mmoja kwa wakati wake. Mwaka 1988 Jarkko Oikarinen, mjini Oulu, Finland, alianzisha IRC: vyumba vya kuchati, kila kimoja kikiwa na msimamizi mwenye uwezo wa kumtoa mkorofi. Msimamizi wa kundi la mtandaoni la leo ni mrithi wake.

Afrika Mashariki ilichelewa kufaidi sauti ya pamoja, na sababu mojawapo ilikuwa umbali wa angani. Kabla ya nyaya za baharini za mwaka 2009, ukiwemo SEACOM, mawasiliano mengi na nchi za nje yalipitia setilaiti zilizo kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. Sauti ilichukua takriban robo sekunde kufika, na jibu robo nyingine kurudi. Kati ya wawili hilo huvumilika. Kati ya sita, kila mmoja hudhani kuna ukimya na wote huanza kusema pamoja.

Nyaya zilipofika, simu za mkononi zilikuwa zimekwisha kuenea, na WhatsApp ikahamisha vikao vya familia. Kamati ya harusi nchini Tanzania ni mfano mzuri. Katibu huandika orodha ya ahadi. Mchangiaji huinakili, huongeza jina lake na kiasi chini kabisa, kisha huirudisha kwenye kundi. Wawili wakiandika kwa wakati mmoja, jina la mmoja hupotea, na katibu hulazimika kuunganisha orodha mbili. Wasio na muda wa kuandika hutuma ujumbe wa sauti, na aliyeishiwa bando husikiliza kesho yake.

Janga la UVIKO-19 mwaka 2020 liliingiza Zoom madarasani, mahakamani na misibani. Vitufe viwili vilirudisha nidhamu ya baraza: cha kuzima maikrofoni na cha kunyoosha mkono. Vyumba vya sauti tupu vilivyofuata, kama Clubhouse na Spaces za X, viliwatenga wasemaji na wasikilizaji, na mwenyeji akawa ndiye anayempandisha mtu jukwaani au kumshusha. Nchini Kenya, vijana waliopinga Muswada wa Fedha wa 2024 walijadiliana humo usiku kucha. Tarehe 5 Julai 2024 Rais William Ruto aliingia katika chumba cha aina hiyo, wasikilizaji wakazidi laki moja, naye akaulizwa maswali moja kwa moja na vijana waliosubiri zamu yao wakiwa na simu mkononi.