Kwa nini mbuzi wa Idjwi anafungwa kamba?

Maboti yanayotoka Idjwi yanatuletea hapa Goma nanasi, maharagwe, kahawa, na pia mbuzi. Sisi tunauliza bei, tunabishana kidogo, tunaenda. Leo naomba tuulize jambo lingine: ilikuwaje mbuzi akawa mnyama mkubwa wa kisiwa kile, na kwa nini karibu kila mara unamkuta amefungwa kamba kando ya nyumba?

Idjwi ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika ziwa Kivu. Kiko upande wa Kivu ya Kusini, kina sheferi mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Mwanahistoria David Newbury, aliyefanya utafiti kisiwani miaka ya 1970, ameonyesha kwamba koo za Idjwi zilitoka pande zote za ziwa, na kwamba ufalme wa Wahavu ulijengwa juu ya koo hizo. Watu walivuka na mbegu zao, na mifugo yao.

Zamani zile ng'ombe alikuwa mnyama wa heshima. Mwenye ng'ombe alimkabidhi mtu ng'ombe mmoja, naye akawa mtu wake: anamletea pombe, anamsaidia kazi, anamsindikiza. Mpango huo uliitwa bugabire. Mbuzi na kondoo walikuwa wa kila siku: wa kulipa deni, wa kafara, wa kupokea mgeni. Kondoo alikuwa na nafasi yake ya pekee. Ng'ambo, Rwanda, watu wengi hawakula nyama yake, lakini ngozi yake ndiyo mama aliyobebea mtoto mgongoni.

Kisha shida zikafuatana. Kigeli Rwabugiri wa Rwanda alishambulia kisiwa, mwami Kabego akauawa, na Idjwi ikabaki chini ya Rwanda mpaka Rwabugiri alipokufa mwaka wa 1895. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilikuwa imeingia katika nchi za maziwa makuu na kuua ng'ombe kwa wingi sana. Mbuzi na kondoo hawakumalizwa vile. Mwenye mbuzi watano alikuwa na kitu cha kuanzia tena, na mbuzi anazaa haraka: mimba yake ni miezi mitano tu, ya ng'ombe ni tisa.

Halafu wakaja Wazungu. Mapatano ya 1910 kati ya Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza yaliiweka Idjwi upande wa Kongo. Mwaka wa 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, iliyopewa mamlaka makubwa juu ya ardhi ya Kivu yote. Kisiwani kampuni ya Linea ilipata mashamba ya kahawa na kinkina. Fasi ya kuchungia ikaanza kuhesabiwa kwa hekta na kwa karatasi. Mwaka wa 1973 sheria ya Zaire ilisema ardhi yote ni ya Serikali, na mwenye kujua kuandika barua kwa ofisi akampita mwenye kulima. Wambuti wa Idjwi, waliotolewa msituni, wengi wao mpaka leo hawana hata shamba.

Na watu wakazidi. Kisiwa hakinyooshwi. Leo kina zaidi ya watu laki mbili. Kilima kilichokuwa malisho kimekuwa mihogo, migomba, maharagwe mpaka juu. Ng'ombe anataka majani mengi, akapungua. Kondoo naye anategemea sana nyasi za chini, hizo ndizo za kwanza kuisha, akapungua. Mbuzi anakula majani ya miti, magugu ya kando ya njia, maganda ya ndizi na ya viazi. Njo maana alibaki. Lakini akimfikia jirani katika maharagwe, ni kesi kwa chifu. Kwa hiyo kamba.

Kwangu mimi kamba hiyo inasimulia historia ya ardhi ya Idjwi vizuri kuliko ramani. Na haijaisha kufupika: fasi nyingi za Kivu ya Kusini, familia isiyo na uwezo wa mbuzi inafuga kobayi ndani ya jikoni. Kutoka ng'ombe mpaka mbuzi, kutoka mbuzi mpaka kobayi: mnyama anapungua ukubwa pamoja na shamba.

Kwa nini nawaandikia haya? Kwa sababu wengi wetu tunaishi kwa proje. Tunaandika: «kugawa mbuzi kwa familia maskini, yule aliyepokea atampa mwenzake mtoto wa kwanza». Tunaita hiyo mbinu mpya. Wazee wetu walikuwa na mpango wa kuchungisha: unampa jirani mbuzi jike, yeye anachunga na kubaki na mbolea, watoto munagawana kama mulivyopatana. Wajane na wamama wasio na shamba walipata mfugo kwa njia hiyo, bila semina.

Mbuzi wa proje anafika, lakini majani hayajapandwa. Tripsacum, matete au kaliandra kwenye kingo za shamba zingemlisha na kuzuia udongo usiende ziwani. Chanjo pia haijafikiriwa. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kumalizika duniani mwaka wa 2011. Ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, bado iko. Mwaka wa 2012 FAO ilitoa tahadhari juu ya mlipuko mkubwa hapa Kongo, na lengo la dunia ni kuimaliza kufikia 2030. Mbuzi mmoja mgonjwa akiingia kisiwani kwa boti, ni minerval za watoto wangapi, ni mahari ngapi zitapotea?

Kwa hiyo, wewe unayetafuta somo la memwari, panda boti. Waulize wazee wa Idjwi walichungia wapi, fasi ile ni ya nani leo, na masharti ya kuchungisha yalikuwa gani. Andika majibu kabla hawajaondoka. Proje itakayoanza na maswali hayo matatu itajua mbuzi wake watakula nini. Kama kwenu mulichungisha kwa masharti mengine, tuambieni hapa chini, na mutaje kijiji.