Kulinganisha Masafa: Singida Kutoka Redio Kolu Hadi King'amuzi

Kulinganisha masafa ni kukifanya chombo kinachopokea mawimbi kitetemeke kwa kasi ileile ya mtambo unaoyarusha. Mkoani Singida kazi hiyo ilifanywa kwa vidole miaka mingi kabla ya kukabidhiwa kompyuta. Msikilizaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam aliyekuwa Iramba au Manyoni alizungusha swichi mpaka mshale ukatulia penye sauti safi. Akikosea kidogo hakupata hasara kubwa, kwa kuwa katika masafa ya kati sauti hubebwa na kupanda na kushuka kwa nguvu ya wimbi, na redio husoma nguvu hiyo hata kama mshale umepotoka.

Redio kolu haikuwa na huruma hiyo. Mitambo ya masafa mafupi iliyotumiwa na polisi, misheni na ofisi za serikali katika maeneo yasiyo na simu iliondoa wimbi la kubeba na kurusha upande mmoja tu wa mawimbi ya sauti, ili kuokoa nguvu. Mpokeaji alilazimika kujitengenezea wimbi lile upya ndani ya redio yake. Akipishana na mrushaji kwa hezi mia moja au mia mbili, sauti ya mtu mzima hutoka kama ya bata. Ndiyo maana redio hizo zina swichi ndogo ya kusafisha sauti, na opereta mzoefu huigusa kabla hata ya kuitikia.

Wakati huohuo, maabara za Marekani zilikuwa zikitafuta njia ya kugawa ujumbe mmoja juu ya mawimbi mengi membamba. Robert Chang wa Bell Labs alichapisha nadharia yake mwaka 1966: mawimbi yanaweza kusogezwa karibu mno, hata kupandiana, bila kuchanganyika, mradi nafasi kati yao ipimwe sawasawa. Mwaka 1971 Weinstein na Ebert walionyesha kwamba hesabu ya Fourier ingeweza kufanya kazi ya rundo zima la mitambo. Mwaka 1980 Peled na Ruiz waliongeza mbinu ya kunakili mkia wa kila alama, yaani kila kipande cha ujumbe kinachorushwa kwa mkupuo mmoja, na kuuweka mbele yake, ili mwangwi wa mawimbi yanayogonga vilima na majengo usiiharibu alama inayofuata.

Mpango huo una udhaifu mmoja mkubwa. Usafi wake wote unategemea mpokeaji kusimama penye masafa yenyewe. Akiteleza hata kwa sehemu ndogo ya nafasi iliyopo kati ya wimbi na wimbi, kila wimbi huvujia majirani zake, na kuongeza nguvu ya mtambo hakusaidii kitu, kwani uvujaji nao huongezeka. Paul Moose alitoa dawa mwaka 1994: alama moja irushwe mara mbili, kisha mpokeaji apime nakala ya pili imezunguka kiasi gani ikilinganishwa na ya kwanza. Mzunguko huo ndio kipimo cha kosa. Mwaka 1997 Schmidl na Cox waliipanua mbinu hiyo ili ipime pia kosa linalozidi nafasi ya wimbi moja, na mwaka huohuo van de Beek na wenzake wa Sweden wakaonyesha kwamba hata ule mkia ulionakiliwa kwa ajili ya mwangwi unatosha kupimia. Jambo hili la mwisho linastahili sifa kuliko linavyopewa, kwa sababu halikudai kurusha chochote cha ziada.

Hesabu hizo ziliingia majumbani Singida kupitia televisheni. Nchi za SADC zilikubaliana mwaka 2010 kutumia DVB-T2, kiwango cha televisheni ya kidijitali kilichojengwa juu ya mpango huo wa mawimbi mengi. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Singida ikafikiwa katika awamu ya pili, mwaka 2014. Chenga zikatoweka, na mahali pake pakaja picha inayoganda au kioo kitupu.

Ndani ya king'amuzi kuna kazi ambayo kidole kisingeiweza. Katika mpangilio wake wenye mawimbi mengi zaidi, DVB-T2 hubeba zaidi ya mawimbi 27,000 katika chaneli ya megahezi 8, yakiachana kwa hezi 279 tu. Fuwele ya bei nafuu inayoongoza masafa ya king'amuzi ikikosea sehemu 30 katika milioni, kosa penye megahezi 600 ni hezi 18,000, yaani mawimbi zaidi ya 60 pembeni. Kwa hiyo kila fremu huanza na alama fupi iitwayo P1, yenye nakala zake zilizosogezwa kimasafa, inayomwezesha mpokeaji kukadiria kosa kubwa. Mabaki ya kosa husawazishwa kwa mawimbi ya mwongozo, ambayo thamani yake inajulikana tangu mwanzo.

Simu za 4G hutumia familia hiyohiyo ya mawimbi, ila nafasi kati yao ni hezi 15,000. Basi linaloshika kikomo cha kilomita 80 kwa saa kati ya Manyoni na Singida, likiuelekea mnara wa megahezi 800, husogeza masafa kwa karibu hezi 60. Kwa nafasi ya hezi 279 huo ungekuwa mpotoko wa zaidi ya sehemu moja ya tano. Kwa simu ni sehemu nne katika elfu.